Chumba Kisichonuka cha Mama Nasra

Jamani, nimeaibika. Si ile aibu ya kujikwaa sokoni ukainuka ukajipangusa. Nimeaibika mbele ya mama mkwe, mbele ya majirani, mbele ya fundi niliyejifanya kumfundisha mambo anayoyajua tangu utotoni, na shavu langu la kushoto limevimba mpaka naandika haya kwa jicho moja. Kabla hamjasikia kwa Bi Tatu, sikieni kwangu. (Bi Tatu ameshaanza. Namsikia ng'ambo ya ukuta.)

Wasionijua: mimi ni mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi, nakaa Cheyo, hapa Tabora mjini. Mke wangu ni Mama Nasra. Nasra mwenyewe yuko shule ya bweni, hakuyaona haya, na hilo ndilo jambo pekee la kushukuru leo.

Tuanze pale kosa lilipoanza. Mama Nasra alikwenda msibani kijijini kwao Isikizya siku kumi. Nikaona nimfurahishe akirudi. Nikapaka chumba chetu rangi ya mafuta kuta zote nne, dari nikaipiga vanishi, nikaleta kabati jipya la zile mbao za kugandishwa kwa gundi, na chini nikatandika kapeti ya plastiki. Chumba kikang'aa hadi unajiona ukutani. Sikumwuliza. Nilijiambia zawadi haiulizwi.

Akarudi, akalala humo, kulipokucha hakuweza kuinuka. Kichwa kinapasuka, kifua kimebana, ulimi mzito, mikono inatetemeka. Tukahamia sebuleni, haikusaidia. Ikafika mahali hata nikipita karibu yake na kiatu kipya anashika kichwa. Majirani wakasema ni jini. Wengine wakasema ni mimba, wakaanza kumpongeza. Daktari, baada ya vipimo vingi, alitueleza kwa upole kwamba wapo watu ambao mwili ukishazidiwa na mvuke wa rangi na gundi, haukubali tena hata kidogo, na yeye hana kidonge cha hilo. Dawa ni kukaa mbali nao.

Mbali ikawa Isikizya, kwa mama yake, kwenye nyumba ya udongo na sakafu ya udongo. Baada ya siku chache akawa mzima. Miezi minane amekaa huko. Miezi minane nimekula ugali peke yangu nikitazama ukuta unaong'aa niliomfukuzia mke. Naomba mlielewe hilo kabla ya lolote.

Rangi ya mafuta haibanduki kwa majuto. Nilibomoa dari na kabati, nikavirundika nyuma ya jiko nikisema nitavitupa. Lakini kuta zilikuwa zimeshakunywa rangi. Ndipo nikaapa kumjengea chumba kipya uani, kisicho na harufu hata chembe.

Njia ya kuchagua vifaa niliibuni mwenyewe. Nilikusanya chupa za asali za kioo, nikaziosha mpaka zikasahau kama ziliwahi kubeba asali. Kila kifaa nilichofikiria nilikata kipande chake, nikakitia chupani, nikafunga kifuniko, nikaiweka chupa juani kutwa nzima, kwa sababu joto ndilo linalotoa mvuke uliojificha. Jumapili napanda gari hadi Isikizya na kikapu changu. Mama Nasra anakaa barazani, anafungua chupa moja moja, ananusa kwa mbali, anangoja kidogo mwili useme, kisha ananipa jibu.

Plaiwudi, hapana. Jipsamu yenyewe ndiyo, gundi yake hapana. Rangi ya maji ambayo muuzaji aliniapia haina harufu kabisa, aliifunga kabla sijamaliza kuieleza, akaenda kujilaza. Mbao iliyotiwa dawa ya mchwa aliniambia nikaifukie, na chupa yake. Chokaa, ndiyo. Udongo wa kichuguu, ndiyo. Mninga mkavu wa miaka mingi, ndiyo, tena aliunusa mara mbili.

Nawaambia ukweli, Jumapili zile zilikuwa tamu. Tulikuwa kama wachumba. Mama mkwe anapita na ndoo, nainuka, shikamoo mama, marahaba baba, umetuletea nini leo, nimeleta saruji, mama. Anatikisa kichwa anaendelea na safari yake. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane nilikuwa simwamulii mke wangu jambo. Nilikuwa namwuliza na kuandika majibu.

Kule Gongoni kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi wakanizoea. Muuzaji mmoja aliniuliza mbele ya wateja: "Mwalimu, unanunua au unanusa?" Nikamwambia vyote viwili. Tangu siku hiyo jina langu huko ni Mwalimu Pua.

Chumba kikapanda. Matofali ya kuchoma, plasta ya chokaa na udongo wa kichuguu, sakafu ya saruji iliyosuguliwa kwa jiwe. Dari, mlango, kitanda na madirisha, vyote mninga. Madirisha niliyataka ya mbao tupu, bila kioo, ili nikiyafunga moshi wa takataka za majirani usiingie. Juu kabisa nikaacha matundu madogo ya hewa. Halafu nikakiacha chumba kikauke, wiki baada ya wiki, mimi nikizunguka humo na pua yangu kila nikitoka shule.

Likabaki jambo moja. Mbao zipakwe nini? Ukiziacha tupu zitanyonya vumbi na jasho la mikono. Vanishi ndiyo hiyo tena. Nikawaza mpaka nikakumbuka nta. Mimi ni mtoto wa mrina asali! Marehemu baba alitundika mizinga kwenye misitu ya Sikonge mpaka magoti yalipomkatalia kupanda miti. Nikatia kipande cha nta chupani, nikakipeleka Isikizya. Nta iliyosafishwa Mama Nasra aliikataa, alisema ina kitu. Lakini ile ghafi, iliyokamuliwa kwenye masega ikiwa bado na utamu wa asali, aliinusa akafumba macho.

"Hii inanukia kama kwa watu," akasema.

Nilitaka kulia. Nikanunua ndoo nzima.

Fundi Idrisa, seremala aliyenitengenezea mlango na dari, alipoiona ndoo ile aliikwangua kwa ukucha, akanusa, akaniangalia.

"Mwalimu, yote hii unaipaka chumbani?"

"Yote."

"Sisi nta hii tunapaka kwenye mzinga."

Nikamjibu, na jibu hili linaniuma leo kuliko shavu: "Fundi, hii ni sayansi."

Fundi Idrisa ni mtu wa heshima. Alifunga begi lake la vifaa akaaga. Nami nikayeyusha nta, nikapaka mlango, nikapaka kitanda, nikapaka dari ubao kwa ubao, na nilipomaliza nikarudia mara ya pili. Kisha nikafunga madirisha vumbi lisiingie, chumba kikabaki na giza tulivu na yale matundu yangu ya hewa.

Jumatano iliyopita nikawaona nyuki wachache, sita au saba, wakizunguka kwenye matundu. Wanaingia, wanatoka, wanaingia. Mnajua nilifanya nini? Niliwapiga picha. Nikaiweka kwenye status nikaandika, "Hewa ya chumba cha Mama Nasra ni safi hadi nyuki wamethibitisha." Mkanijazia makopa mekundu. Hata mmoja wenu, jamani, na nusu yenu ni watu wa Tabora, hakuniambia kwamba wale si mashahidi, ni madalali wamekuja kukagua nyumba!

Basi leo Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Mama Nasra anarudi. Nilikuwa nimewaalika majirani wachache kwa dua fupi, nikawatumia masharti tangu juzi: asije mtu na manukato, asije mtu na nguo iliyofuliwa jana kwa sabuni ya maua, asije mtu aliyejifukiza. Na kwa kuwa siamini watu, nikasimama getini kunusa wageni. (Ndiyo. Mmoja mmoja. Mzee wa msikiti alinyoosha mkono wa salamu mimi nikauelekezea pua.)

Akaja Bi Tatu, jirani yetu wa ukuta, kapendeza, udi unamtangulia hatua kumi.

"Bi Tatu, samahani, umejifukiza."

"Nimejifukiza kwa heshima ya mwenzangu anayerudi kwake."

Nikamwambia naelewa, lakini itabidi akabadilishe. Akanitazama vile anavyotazama nyama iliyolala. Akaenda. Akarudi amevaa khanga kuukuu za pamba, kajisugua hadi ngozi inang'aa, mdomo umefungwa. Nikamnusa tena. Nikamruhusu.

Saa nne na nusu gari la shemeji, pikapu, likaingia. Mama mkwe mbele, Mama Nasra nyuma kwenye bodi, juu ya mkeka, kwenye upepo, sanduku lake pembeni na mtandio umemfunika pua kwa ajili ya vumbi. Amenawiri. Alishuka akaipita nyumba kubwa kwa mbali, mgongo kaupa ukuta, akaja uani akasimama mbele ya chumba chake. Aliutazama mlango ule wa mninga, akapitisha kiganja juu ya ubao, akakinusa. Akatabasamu. Lile tabasamu sikuwa nimeliona tangu nipake rangi, na lingetosha. Ningenyamaza hapo.

Lakini nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba. Nikaeleza mvuke. Nikaeleza chokaa. Nikaeleza kichuguu na kazi ya mchwa, nikaeleza kwamba mtu huhitaji kutumia akili na si mazoea, na hapo nikamwangalia Fundi Idrisa katikati ya wageni. Mama mkwe alikuwa anaitikia kwa kichwa, na mimi kila akiitikia naongeza aya. Nilipochoka nikampa Mama Nasra ufunguo.

Akaukaribia mlango. Akasita. Akaweka sikio.

"Baba Nasra, mbona ndani kunavuma?"

"Ni mashine ya kusaga hiyo, ya mtaa wa pili."

"Mashine imeharibika tangu juzi," akasema Bi Tatu.

Nikacheka. Nikauchukua ufunguo mimi mwenyewe, nikaufungua mlango kwa mbwembwe zote, nikasukuma.

Katikati ya dari, juu kabisa ya kitanda kipya, limening'inia bumba la nyuki, limeshiba, linafika karibu na mito. Linatambaa lenyewe juu ya lenyewe. Mvumo ukatupiga usoni kama joto la tanuri.

Nikafunga mlango taratibu.

Fundi Idrisa ndiye aliyeanza kusema, tena kwa sauti ya chini asinifedheheshe. Alisema wamefika labda asubuhi hii, miti yote imechanua, makundi yanahama. Nta inawaita. Mwanya mdogo wa kuingilia, giza, mbao kavu, harufu ya asali, nyuki hatafuti kingine. (Na mimi nikamwona baba, Mungu amrehemu, ameinama juu ya mzinga mpya anausugua nta ndani, mimi pembeni namshikia kitambaa. Nikajiona pia darasani wiki tatu zilizopita, mbele ya darasa la tano, nachora mzinga ubaoni, na mshale unaoonyesha mahali pa kupaka nta.)

Mama mkwe akashusha pumzi.

"Baba," akasema, "umemjengea mwanangu mzinga."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Fundi Idrisa akaendelea kwamba si jambo kubwa. Kundi jipya halijajenga sega, halina cha kulinda, halina ukali. Yeye ana mzinga mtupu nyumbani. Ataupaka asali ndani, autundike hapo nje karibu na mwanya, tufungue madirisha yote mwanga uingie, tuwaache. Jioni watakuwa wamehama wenyewe. Akachukua baiskeli yake akaenda kuuleta.

Na Mama Nasra, nisikilizeni vizuri hapa, Mama Nasra hakukasirika. Alivuta mkeka kutoka kwenye gari akautandika upenuni.

"Nimengoja miezi minane, Baba Nasra. Nitashindwa kungoja jioni?"

Mke ameridhika. Fundi kaenda kuleta mzinga. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye mkeka ule, pembeni ya mke wangu, na kunyamaza. Hiyo tu.

Sikuweza. Majirani wananitazama, mama mkwe ananitazama, hotuba yangu bado iko hewani. Nikajiambia mimi ni mtoto wa mrina asali, siwezi kuketi nyuki wamekalia kitanda changu. Baba alikuwa anatumia nini? Moshi. Nikaruka nyuma ya jiko, nikachukua debe, nikalijaza vipande vya mbao vikavu vilivyokuwa karibu, nikatia mafuta ya taa kidogo, nikawasha. Mama Nasra akaniita. Nilisikia anavyoniita. Nikafikiri ananihurumia nisiungue.

Nikasukuma debe chumbani.

Moshi uliopanda haukuwa moshi wa baba. Ulikuwa mweusi, mzito, na una harufu niliyoijua. Ndipo nikaangalia rundo nyuma ya jiko na kuelewa nimechukua nini. Ile dari ya vanishi. Lile kabati la gundi. Vitu vyote vilivyomfukuza mke wangu kwenye nyumba kubwa nimevikusanya kwa mikono yangu, nikavichoma ndani ya chumba pekee duniani nilichomjengea apumue.

Nyuki hao wasio na ukali wakatoka. Jamani, walikuwa na ukali! Shavuni, sikioni, ukosini, ndani ya kanzu. Nilizunguka ua mara mbili nikipiga mayowe ambayo sikujua ninayo. Mama mkwe, Mungu ambariki, alivua khanga yake ya juu akanitupia, nikajifunika nikaanguka chini ya karo. Hivyo ndivyo walivyonikuta: mwalimu mzima, mchamungu, nimelala kwenye maji ya kuoshea vyombo, nimejigubika khanga ya mama mkwe. Maandishi ya khanga ile yalikuwa mgongoni kwangu na kila mtu aliyasoma. Siyasemi hapa.

Nilipofunua jicho, la kulia, lile zima, nilitafuta gari. Lilikuwa nje ya geti. Mama Nasra yuko kwenye bodi, mtandio kaukunja mara nne mdomoni, anakohoa, sanduku lake liko miguuni pake vilevile lilivyokuja. Alinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na ile sura ya asubuhi ile ya kwanza, ya mtu aliyepewa zawadi ambayo hakuiomba. Gari likaondoka.

Bi Tatu alipita karibu yangu akielekea kwake, macho yanamtoka machozi kwa ule moshi.

"Mimi," akasema, "ulinirudisha kwa udi."

Nyuki wakatoka, moshi ukabaki. Plasta ya kichuguu na chokaa inapumua, nilimweleza hivyo kila aliyetaka kusikia. Basi imeuvuta moshi wote. Juu ya mlango kuna doa jeusi la urefu wa mkono. Nimefungua madirisha, nimefuta, nimemwaga maji, nimekaa mlangoni nikajuta. Si nyuki walioniharibia. Nyuki walifanya kazi yao, wakaona nyumba nzuri wakahamia, na kwa kweli hao ndio wageni pekee walioniamini. Kilichoniharibia ni kushindwa kukaa kwenye mkeka.

Fundi Idrisa alirudi na mzinga mgongoni mwa baiskeli. Akaona. Akautundika mzinga pale pale alipokuwa amesema atautundika, akanipa pole, akaniambia nipake kitunguu kwenye shavu. Na saa kumi na moja na nusu, nikiwa nimekaa uani peke yangu, lile kundi lililokuwa limekimbilia mti wa jirani likashuka. Likazunguka mara mbili, likaingia kwenye mzinga wa Fundi Idrisa, lote, taratibu, bila kumgusa mtu. Jua lilikuwa bado halijazama.

Sasa hivi nimepata ujumbe kutoka Isikizya. Nilidhani anadai talaka. Umeandikwa hivi: "Kifua kimeachia. Kwangua ukuta mahali pawili, juu na chini. Tia chupani, weka juani. Ulete Jumapili ya wiki ijayo ninuse." Kabla sijajibu ukaingia wa pili: "Na usinishtukize tena."

Nimeshakwangua. Chupa mbili ziko juu ya bati zinangoja jua la kesho, na mimi niko chini yake nawakemea kunguru. Wenye hamu ya kucheka, nawaomba mngoje. Mbona mimi nimeanza kujifunza kungoja, tangu saa kumi na moja na nusu hivi.